Lami Inapofika Getini: Safari ya Kuizunguka Serengeti

Jumatatu: Arusha – Mto wa Mbu – Engare Sero

Barabara tunayoifuata ina historia ndefu kuliko lami yake. Ni ile ya Mto wa Mbu – Loliondo – Mugumu hadi Makutano karibu na Musoma, iliyokusudiwa kuunganisha Arusha na Mara kwa upande wa kaskazini. Iliahidiwa kwenye kampeni za mwaka 2005. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba ujenzi uko karibu, na hapo kelele zikaanza kila pembe ya dunia, kwa sababu kilomita 53 za njia hiyo zinakatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali hasa nyumbu wanapopita kwenda kutafuta maji ya Mto Mara wakati wa kiangazi.

Mwaka 2011 serikali iliiandikia UNESCO kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapa Arusha, ikazuia moja kwa moja ujenzi wa barabara ya lami ya kukatiza hifadhi. Wengi wanaamini habari iliishia siku ile. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye kazi ya upimaji wa barabara, na ninachokijua ni kwamba barabara kubwa haijengwi kwa tangazo moja wala haifi kwa hukumu moja. Inakuja kwa vipande. Leo kilomita 40 huku, kesho 50 kule, na kila kipande kina sababu yake nzuri. Nimetaka kuona kwa macho yangu lami imefika wapi upande huu wa hifadhi, imefika wapi upande ule, na ile njia ya kusini inayotajwa kuwa mbadala iko katika hali gani.

Tuko watatu kwenye Land Cruiser kuukuu: mimi, dereva wetu ambaye ni Mmeru wa Usa River, na binti mmoja mtaalamu wa ikolojia ya wanyamapori, ambaye ananiita mzee na mimi namwita mwanangu.

Pale Makuyuni tuliiacha barabara ya Babati upande wa kushoto. Binti akanionyesha kwa kidole uelekeo wa Kwakuchinja, ushoroba wa wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Lami ilipopita kule, walioufinya ushoroba hawakuwa madereva peke yao. Zilifuata nyumba, yakafuata mashamba, gereji, vibanda vya chipsi, uzio wa mtu mmoja hapa na wa mwingine pale. Tunapopanga barabara tunachora mstari na hifadhi yake ya mita 30 kila upande, kisha tunapima athari ndani ya mstari huo. Lakini barabara huvuta watu, na watu hawajengi ndani ya mstari. Wanajenga nje yake.

Mto wa Mbu lami inaendelea kupanda kwenda Karatu na Ngorongoro. Sisi tukakata kulia. Mita mia chache tu, vumbi. Selela, kisha Engaruka, ambako mabaki ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima wa kale bado yanaonekana chini ya ukingo wa bonde. Wale watu walijua kuyaelekeza maji. Sisi tunajaribu. Baada ya Engaruka tulisimama kwenye korongo moja lenye kalvati za duara tatu, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, zilizopangwa vizuri, zimejaa mchanga na mawe hadi juu. Maji ya masika yaliyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro yalizikuta zimeziba, yakakata njia yao mpya pembeni, yakachukua na bega la barabara. Nilishuka nikapima kwa hatua: upana wa korongo jipya unazidi ule wa kalvati zote tatu zikiunganishwa. Huku mzunguko wa maji ni mfupi na mkali, na jivu la Ol Doinyo Lengai linasombwa kirahisi mno. Mlima wenyewe ulilipuka mara ya mwisho kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Atakayesanifu lami hapa lazima aweke fedha nyingi kwenye madaraja kabla hajafikiria lami.

Mageti ya ushuru njiani ni zaidi ya moja, kila moja na risiti yake. Tumelala Engare Sero, Ziwa Natron likiwaka jeupe mbele yetu. Ziwa hili ndilo mazalia makuu ya flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, na lilishawahi kuponea chupuchupu: mradi wa kiwanda cha magadi uliopangwa hapa ulikwama mwaka 2008 baada ya upinzani mkubwa.

Jumanne: Engare Sero – Sale – Waso

Kutoka Engare Sero njia inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona kali na mawe yaliyolegea. Dereva hakusema neno mpaka tulipofika juu. Kwa lori lenye mzigo wa tani 30 mteremko huu ni hatari tupu, na kuulainisha kunamaanisha kuukata mlima kwa kina kirefu. Nimeandika kwenye daftari langu: hapa ndipo gharama ilipo.

Kisha, upande wa Sale, lami inaanza. Kutoka Sale hadi Waso ni kilomita 49, nyeusi, safi, yenye michoro ya katikati. Haijaungana na lami nyingine yoyote. Kwa mtu wa kazi yangu inashangaza kuona kipande cha kati kikitangulia, lakini ukikaa nyuma ya usukani ukaona akina mama wanavyotembea pembeni yake na bodaboda zinavyopita na vikapu vya nyanya visivyopondeka, hoja ya mshangao inaisha nguvu.

Tulipita njia ya Samunge, kijijini kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kunywa kikombe cha dawa kwake, na wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni. Nimekumbuka mwaka ule kwa sababu ndio huohuo ambao dunia ilikuwa ikibishana juu ya barabara ya Serengeti. Watanzania kwa maelfu walikuwa wamekwama kwenye tope la Loliondo wakati huohuo. Ukitaka kuelewa kwa nini mwananchi wa huku hukasirika anaposikia mtu wa mbali akisema "msijenge barabara", anzia hapo.

Waso ni mji wa biashara. Tulikaa kwenye genge la mama mmoja anayeuza vitunguu, mafuta ya kupikia na sukari ya kupima. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwuliza anaionaje barabara ya kwenda Musoma.

"Mzee wangu, Musoma sijawahi kufika," akasema. "Mzigo wangu unatoka Arusha. Mvua zikinyesha hautoki, basi tunauziana vya Narok, Kenya, bei wanapanga wao. Mdogo wangu alijifungulia korongoni, gari limezama, sisi tumeshika khanga. Hiyo barabara ya kwenda Musoma mimi nifanyie nini? Mnipe ya Arusha."

Nimewauliza watu wengi Waso swali hilohilo, vijana kwa wazee, na jibu lilikuwa lilelile kwa maneno tofauti. Hospitali ya rufaa iko Arusha. Soko la mbuzi na ng'ombe liko Arusha au ng'ambo Kenya. Chuo kiko Arusha. Hakuna aliyenitajia Mugumu kabla sijaitaja mimi.

Jioni mzee mmoja wa Kimaasai akatukuta tunakunja ramani kwenye boneti. Akaitazama kwa muda. Hakuuliza lini lami inakuja. Aliuliza: "Hii inakuja na bikoni?" Mwaka 2022 ziliwekwa bikoni, yaani nguzo za mpaka, za pori la akiba la Pololeti, kilomita za mraba 1,500, na uchungu wa siku zile hapa haujaisha. Nilimjibu kwamba kila barabara ina bikoni zake. Akatikisa kichwa, akasema bikoni zikiisha kuwekwa, ng'ombe ndiye anayeambiwa arudi nyuma. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, tena ukurasa wa mbele, kwa sababu imani ya watu ikishavunjika hakuna mkutano wa hadhara utakaoirudisha kwa posho na soda.

Jumatano: Waso – Geti la Klein's – Tabora B – Mugumu

Siku niliyoisubiri. Tulipita Ololosokwan asubuhi na mapema, tukafika Geti la Klein's, tukalipa, tukakumbushwa mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa na kwamba usiku hakuna kutembea. Tukaiacha njia ya Lobo kushoto, tukaelekea magharibi upande wa Bologonja.

Changarawe. Njia moja, mahali pengine nyembamba hata gari mbili zipishane kwa adabu. Nyasi za Agosti zimekauka, vilima vya mawe vimekaa kimyakimya, na kila bonde lina mstari wa miti kuonyesha maji yalipo au yalipokuwa. Twiga wawili, pofu, kisha muda mrefu bila mnyama. Halafu harufu. Binti aliisikia kabla yetu: mchanganyiko wa vumbi na kinyesi na kitu kama nyasi zilizochacha. Tulipokata kilima tukawakuta.

Dereva alizima injini. Msururu ulikuwa unatoka kusini, mmoja nyuma ya mwenzake, unaelekea kaskazini ulipo Mto Mara. Greda lilikuwa limepita siku za karibuni na limeacha ukingo wa udongo pembeni mwa barabara, haufiki hata goti langu. Nyumbu wa mbele alipoufikia akasimama. Akainusa ile kingo. Akarudi hatua mbili, na wote nyuma yake wakagongana na kuanza kulia ule mlio wao wa kooni. Akaelekea kushoto akiifuata kingo, akakuta mahali udongo umetawanyika, akaruka. Kisha wakavuka wote, mbio, vichwa chini, vumbi likafunika gari zima. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa. Pundamilia walichanganyika katikati. Kuna ndama mmoja wa mwaka huu aliyebaki upande wa kusini baada ya wengine kuvuka, akakimbia huku na huku kwenye ule ukingo mpaka mama, au nyumbu mmoja aliyekuwa na sauti anayoijua, alipoita kutoka ng'ambo.

Nilikaa na kuwaza kama mhandisi. Udongo wa mabonde haya ni mfinyanzi mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Huwezi kutandika lami juu yake. Unauchimba na kuutupa, unaleta kifusi kutoka machimbo, unainua tuta, mara nyingi zaidi ya mita moja kutoka usawa wa ardhi, unaweka mitaro mirefu pande zote mbili na kalvati kila baada ya mita chache. Machimbo ya kifusi yenyewe yangekuwa ndani ya hifadhi, au malori yangekisomba kutoka nje usiku na mchana kwa miaka. Na kambi ya wajenzi? Na maji ya kumwagilia tuta, yangetoka wapi kama si kwenye vijito hivihivi? Watu wanaposema "ni kilomita 53 tu za lami", wanaona rangi nyeusi kwenye ramani. Mimi naona ukuta mdogo wa udongo wenye urefu wa kilomita 53, na nimetoka kumwona nyumbu akisita mbele ya kimo cha mundi wa mguu wangu.

Binti akanieleza mahesabu ya wenzake. Upembuzi wa wakati ule ulikadiria magari 800 kwa siku ifikapo mwaka 2015, na 3,000 ifikapo 2035. "Mzee, hiyo ni gari moja kila baada ya nusu dakika," akasema. "Msururu huu umechukua zaidi ya nusu saa kuvuka." Watafiti waliofanya hesabu za kompyuta mwaka 2011 walikuta kwamba kizuizi cha kuhama peke yake, hata bila kupoteza malisho, kinaweza kupunguza nyumbu kwa karibu theluthi moja. Wapo kiasi cha milioni 1.3.

Na idadi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikaua ng'ombe wa wafugaji na nyumbu pamoja. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne ya 20, ugonjwa ukakatika na kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walishapita milioni moja. Walipoongezeka wakala nyasi, moto ukapungua, miti ikarudi. Wanaokufa majini Mto Mara kila mwaka, maelfu, hulisha samaki, mamba na tai. Mfumo mzima unatembea kwa miguu ya hawa wanyama, na ulijengeka upya mbele ya macho ya baba zetu, kwa sababu ya chanjo ya mifugo ya wananchi wa kawaida. Hilo huwa linanigusa kuliko picha zote za vipeperushi vya utalii.

Nimewasikia wahandisi wenzangu wakisema tujenge vivuko vya wanyama, madaraja yenye nyasi juu, kama nchi nyingine zilivyofanya. Vivuko vinafaa pale mnyama ana njia yake maalumu. Nyumbu anafuata mvua. Mwaka huu atapita hapa, mwaka ujao kilomita 20 mashariki, mwaka wa ukame atapita mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Ungeweka daraja wapi? Wengine wanataja Mikumi, kwamba barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi na maisha yanaendelea. Mikumi naijua. Kilomita 50 za lami, matuta na rasta kila mahali, vibao vya faini kwa kila aina ya mnyama, na bado asubuhi unakuta mizoga. Mikumi haina wanyama milioni moja wanaohitaji kuvuka wote ndani ya wiki chache. Basi moja likigonga kundi usiku na abiria wakafa, wananchi watadai uzio, na watakuwa na haki ya kudai. Botswana ilijenga uzio wa mifugo, na ukame wa miaka ya 1980 ulipokuja nyumbu wa Kalahari walifia kwa maelfu wakiwa wamezuiwa kufika kwenye maji. Barabara hii ikiwa na lami, uzio ni suala la muda.

Tulitoka Geti la Tabora B alasiri. Ukishavuka tu, mashamba. Mtama, mihogo, nyumba za bati, watoto wakipunga mikono. Hakuna nafasi kati ya hifadhi na kijiji. Mugumu tumefika jua linazama.

Alhamisi: Mugumu – Natta – Bunda – Bariadi

Mugumu nimeuliza kinyume cha swali la Waso: mnataka kwenda Arusha? Mwalimu mmoja mstaafu alinijibu vizuri kuliko wote. "Mtoto wangu anasoma Arusha. Basi linapita Ikoma, Serengeti, Ngorongoro. Nalipa nauli, nalipa kiingilio Serengeti, nalipa kiingilio Ngorongoro, katika nchi yangu, kumpeleka mwanangu chuo. Usiniambie sihitaji barabara."

Sikumbishia. Ana hoja nzito, na yeyote anayepigania Serengeti bila kumjibu mwalimu huyu hajamaliza kazi. Lakini nilipomwuliza mara ngapi kwa mwaka anakwenda Arusha, akasema mtoto anarudi likizo. Na Musoma? Kila mwezi. Mwanza? Kwa matibabu ya macho. Dawa ya kiingilio cha mwanafunzi ni kibali cha msafiri anayepita, kinachoweza kuandikwa kesho asubuhi kwenye karatasi. Hakidai hata ndoo moja ya lami.

Kutoka Mugumu kwenda Natta mashine za ujenzi ziko kazini, greda na shindilia, vijana wenye bendera nyekundu na kijani wakiongoza magari kwenye mchepuko. Lami inakuja kutoka Makutano. Kipande cha kwanza, hadi Sanzate, ni kilomita 50, na kazi inaendelea kusogea. Nimefurahi kuiona, naandika hivyo bila kusita. Mkulima wa tumbaku na wa mahindi wa wilaya ya Serengeti amesubiri mno.

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu wa safari nzima. Mashariki lami imeshafika Waso, na ukingo wa bonde ukikatwa itaungana na Mto wa Mbu. Magharibi inakaribia Mugumu. Siku itakayofika kwenye mageti yote mawili, katikati kutabaki kipande cha changarawe chenye kilomita 53 na malori yamepanga foleni pande zote, kila dereva akiuliza kwa nini. Ile hukumu ya 2014 itakuwa imezeeka. Waziri atakuwa mwingine, na hakuna atakayekuwa anakumbuka hoja. Kipande kile kitajiombea lami chenyewe. Kama kuna kinga ya kweli dhidi ya siku hiyo, si mahakama. Ni barabara nyingine iliyo bora zaidi, ambayo lori litaichagua lenyewe.

Bunda tukaingia barabara kuu ya Musoma – Mwanza, tukapita Ndabaka, ambako hifadhi inakaribia kabisa Ziwa Victoria na lami inapita mlangoni. Lamadi tukakata kushoto. Bariadi usiku.

Ijumaa: Bariadi – Maswa – Lalago – Mwanhuzi

Lami nzuri hadi Maswa. Baada ya hapo vumbi la Lalago na Meatu, nchi ya pamba, baiskeli zimebeba marobota, ng'ombe kila upande. Udongo wa mbuga mtupu. Masika huku magari hulala njiani siku kadhaa. Siku ya leo haina mengi zaidi ya hayo.

Jumamosi: Mwanhuzi – Sibiti – Haydom

Daraja la Sibiti lina mita 82. Kabla yake mvua ilikuwa ikiikata Simiyu na Singida, watu wakavushwa kwa mitumbwi. Nilitembea juu yake kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikagusa kingo za zege, nikachungulia mto unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda Eyasi. Kazi imara. Daraja ndilo sehemu ngumu kuliko zote kwenye barabara hii, na tayari lipo, limesimama, linasubiri barabara ya hadhi yake.

Njia hii ndiyo ile wanayoiita mchepuko wa kusini wa Serengeti: Karatu – Mbulu – Haydom – Mto Sibiti – Lalago – Maswa, kilomita 389. Juni 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuijenga, pamoja na barabara nyingine sita, kwa utaratibu wa mkandarasi kusanifu, kujenga na kutafuta fedha. Tulichokiona sisi leo ni tuta hapa na pale, na vumbi kwingi.

Nisiipambe. Kusini nako si nchi tupu. Binti alinisimamisha juu ya ramani jioni hii Haydom, akaweka kidole kwenye Bonde la Yaeda. Ni nchi ya Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ambao mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya ardhi yao. Lami ikipita karibu yao bila mpango, ile habari ya Kwakuchinja inajirudia kwa watu badala ya tembo: wakulima watafuata barabara, mkaa utafuata wakulima, na msitu wa mibuyu na asali utaisha. Mstari unaweza kusogezwa mbali na bonde. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inaweza kupitishwa na kusajiliwa kabla ya greda la kwanza. Wahadzabe wenyewe wanapaswa kuulizwa mapema, kwa lugha yao, wakati mstari bado ni wa penseli. Haya yote yanawezekana kwa kuwa jambo la huku linahusu mahali pa kupitisha mstari. Kule kaskazini, popote utakapouchora, nyumbu watakuwa hapo.

Na huku kuna watu. Tangu Maswa tumepita vijiji vimefuatana, magulio, minada, mashine za kusaga, zahanati. Haydom kuna hospitali kubwa ya Walutheri iliyoanza mwaka 1955, na wagonjwa wanaletwa kutoka Singida, Meatu, Mbulu, wengine juu ya pikipiki wakiwa wamekaa katikati ya dereva na ndugu. Nje ya geti nimemkuta kijana kamshika baba yake begani. Wametoka ng'ambo ya Sibiti. Nilimpa pole, nikamwuliza wametumia muda gani. "Toka jana asubuhi, baba," akasema.

Jumapili: Haydom – Mbulu – Karatu

Mbulu kuna baridi, ngano na viazi kwenye miteremko, na vipande vya lami mpya mjini. Karatu tukafika mchana.

Kwenye kituo cha mafuta nimezungumza na dereva wa lori la vitunguu vya Mang'ola. Anapeleka Mwanza. Njia yake: Karatu, Makuyuni, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Nikamfungulia ramani, nikamwonyesha mstari wa kaskazini kupitia Loliondo na mstari wa kusini kupitia Sibiti, nikamwuliza zote mbili zikiwa na lami atapita ipi.

Hakufikiri sana. Kaskazini ni mlima ule wa Natron, akasema, breki zitaungua, halafu ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa na usiku unalala getini, vitunguu vinaoza. Akaweka kidole chenye grisi juu ya Haydom, akakivuta hadi Maswa. "Hapa, mzee. Hapa nachukua na abiria, nachukua na pamba kurudi. Mwambieni mkandarasi aanze kutoka Sibiti kuja huku, kwa sababu huko ndiko magari yanakozama." Akaniomba namba ya simu ili nimjulishe wakianza.